Hesabu ya Harusi Ianze na Kesho Yake

Kiangazi kinapoingia Kigali, kuanzia mwezi wa Juni hadi wa Agosti, ni nadra Jumamosi kupita bila misafara ya magari yaliyofungwa riboni kuonekana katika barabara za Remera, Kimihurura na Nyamirambo. Ndio msimu wa harusi. Mvua zimekoma, mahema yaweza kusimamishwa uwanjani bila hofu, na jamaa walio mbali wamepata nafasi ya kusafiri. Katika misafara hiyo hawakosekani vijana wa jeshi letu na wa polisi, wengine wakiwa maharusi, wengine wasimamizi, na walio wengi zaidi wakiwa wachangiaji. Ni jambo la kufurahisha. Askari ni mwana wa watu, naye ana haki ya kuoa au kuolewa na kushangiliwa na jamaa zake kama raia mwingine yeyote.

Lakini baada ya Jumamosi huja Jumapili, na baada ya Jumapili huja Jumatatu. Siku hiyo mahema yamekwisha kukunjwa, viti vimerudishwa kwa wenyewe, na maua yamenyauka. Watu wawili wamebaki katika nyumba, na mmoja wao hana budi kuvaa sare na kurudi kazini. Hapo ndipo bajeti ya harusi inapopimwa. Je, ndani ya nyumba hiyo mna nini? Godoro na sufuria vimo? Kodi ya mwezi ujao iko wapi? Na katika mshahara unaokuja, ni sehemu gani imekwisha kuliwa kabla haujafika?

Rai ya tahariri hii ni fupi. Mwenye kupanga fedha za harusi na aanze kuhesabu kutoka kesho yake, arudi nyuma hadi kwenye sherehe. Asianze kwenye sherehe akatumaini kwamba kesho yake itajitegemea.

Mwalimu Julius Nyerere, alipowaeleza wajumbe wa TANU mpango wa pili wa maendeleo wa Tanzania mwaka 1969, aliwakumbusha kwamba kupanga ni kuchagua. Hakuna nchi wala mtu mwenye fedha zinazotosha kila kitu. Kwa hiyo kila mpangaji analazimika kuacha baadhi ya mambo mazuri ili apate yaliyo bora zaidi. Bajeti ya harusi nayo ni mpango wa maendeleo, wa nchi ndogo yenye raia wawili. Kosa la wengi wetu si kwamba tunapenda vitu vibaya. Ukumbi ni kitu kizuri, ngoma za intore ni kitu kizuri, na picha ni kumbukumbu. Kosa ni kuviandika vyote katika mstari mmoja, kana kwamba vina uzito sawa, kisha fedha zinapopungua tukakata kile kisichoonekana na wageni, yaani nyumba.

LENGO KABLA YA ZANA

Kila aliyepita katika chuo cha kijeshi au cha polisi anajua kwamba amri ya operesheni haianzi kwa kuorodhesha magari. Hutaja lengo kabla ya zana. Likiisha kujulikana lengo ndipo huulizwa ni watu wangapi, zana zipi na chakula cha siku ngapi. Anajua pia kwamba hakuna kamanda mwenye akili timamu anayeingiza nguvu zake zote siku ya kwanza. Hubakiza kikosi cha akiba, kwa kuwa jambo lisilotazamiwa halikosi kutokea.

Basi tuulize: lengo la harusi ni nini? Bila shaka si karamu. Karamu ni njia ya kuwashirikisha ndugu na jirani katika jambo lililokwisha kuamuliwa. Lengo ni kuanzisha kaya, watu wawili wanaotambulika kwa sheria na kwa jamaa, wenye mahali pa kulala, chakula cha kula na akiba ya siku ya dharura. Kila gharama na ipimwe kwa lengo hilo. Inayolijenga itangulie, na inayolipamba ifuate, tena ifuate ikiwa kuna kilichobaki.

SAHIHI KABLA YA KARAMU

Jambo la kwanza katika orodha ni lile ambalo gharama yake ni ndogo kuliko yote, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Nalo ni ndoa ya serikali. Katiba ya Rwanda inatambua ndoa ya aina moja tu, ya mume mmoja na mke mmoja, iliyofungwa kwa hiari mbele ya mamlaka ya serikali. Wachumba husimama katika ofisi ya umurenge, yaani sekta, wakanyoosha mkono na kuapa mbele ya bendera ya taifa, ambayo askari anaijua maana yake kuliko watu wengi. Baada ya hapo huandikwa katika daftari. Sahihi hizo hazihitaji ukumbi wala wapambaji.

Hata hivyo wako vijana wanaoishi pamoja miaka miwili, mitatu au minne, wamekwisha kupata mtoto, nao hawajaandikishwa. Ukiwauliza sababu, wengi hujibu kwamba wanangoja fedha za harusi. Kwa ajili hiyo viongozi wa sekta mbalimbali nchini wamekuwa wakiandaa siku za kufungisha ndoa za serikali kwa wingi, wanandoa wengi kwa siku moja, ili kuwatoa watu katika kungoja huko.

Kwa mwenye sare, kungoja huko kuna hatari kubwa zaidi. Tangu mwaka 2004, kikosi cha kwanza cha Rwanda kilipokwenda Darfur, wanajeshi na polisi wetu wamehudumu Sudan, Haiti, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwezi wa Julai 2021 walipelekwa Cabo Delgado, Msumbiji. Wengi walirudi salama, lakini wengine hawakurudi. Hakuna askari anayependa kulizungumza jambo hili, lakini kazi yetu yadai tulizungumze. Mwenzi ambaye jina lake halimo katika daftari hatambuliwi na sheria kuwa mjane, hata kama alimpikia marehemu kwa miaka minne na kumlelea watoto. Atasimama mbele ya ofisi akiwa na machozi na picha za simu, na karani, hata awe na huruma namna gani, atamwomba cheti.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa umekwisha kuamua na mwenzako ameamua, na kinachokuzuia ni bei ya ukumbi tu, usingoje. Wekeni sahihi kwanza. Karamu yaweza kufuata baada ya miezi sita au mwaka, nayo haitapungua utamu.

Katika jambo hilo hilo la sahihi mna uamuzi mwingine usiogharimu faranga nyingi lakini unaotawala faranga zote zitakazofuata. Sheria ya mwaka 1999 ilileta utaratibu wa mali kati ya wanandoa, wa kuchagua miongoni mwa njia tatu: ushirika wa mali yote, ushirika wenye mpaka, wa mali watakayoitaja na watakayoichuma pamoja, au kila mtu na mali yake. Sheria zilizofuata zimeendelea kuwataka wachumba wachague. Tumewaona wachumba waliojadili rangi ya nguo za wasindikizaji kwa majuma matatu, lakini swali la mali wakalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya afisa. Wakae chini mapema. Mwenye kiwanja, mwenye deni na mwenye mzazi anayemtegemea, kila mmoja aseme. Ukweli unaosemwa kabla ya harusi huwa nafuu kuliko ule unaofichuka baadaye.

NG'OMBE ALIYERUDI NYUMBANI

Jambo la pili ni inkwano, mahari ya mila yetu. Hapa twasikia malalamiko mengi, na baadhi yake ni ya haki. Katika familia nyingine siku ya gusaba imegeuka soko. Wazee wawili wasemaji, waliotakiwa kushindana kwa methali na mizaha, hushindana kwa tarakimu. Kijana aliyeleta bahasha hutazamwa ilivyo nene.

Yafaa kukumbuka mila yenyewe ilivyokuwa. Inkwano ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe huyo hakuwa bei ya binti. Alikuwa alama ya kifungo kati ya koo mbili. Tena mila haikuishia hapo. Baba wa binti, ng'ombe alipozaa, aliwapa wanandoa ng'ombe wa kurudisha heshima, aitwaye indongoranyo. Basi mali iliyotoka kwa mume iliirudia kaya mpya ikiwa na miguu minne na maziwa ya watoto. Wazee wetu, bila ya karatasi wala kalamu, walikuwa wamekwisha kupanga bajeti yenye kutazama kesho yake.

Siku hizi, hasa mjini, inkwano hutolewa kwa fedha mara nyingi, kwa kuwa mwenye chumba viwili Kicukiro hana zizi. Si vibaya. Lakini tukibadili ng'ombe kuwa fedha, tusisahau indongoranyo. Wazazi wa binti wanaopokea mahari na kuyaelekeza, yote au sehemu yake, katika kuwaanzishia watoto wao maisha, hawajaivunja mila. Wao ndio wanaoitimiza. Na wazazi wanaomdai kijana kiasi kinachomlazimu kukopa, wanamkopesha binti yao mwenyewe njaa, kwa sababu deni hilo litalipwa kutoka katika sufuria atakayoipika yeye.

Tuseme pia kwamba si kila askari aliye katika habari hizi ni mwanamume. Jeshi na polisi vina mabinti wengi, wenye mishahara yao na vyeo vyao. Afande wa kike ambaye familia yake inadai mahari makubwa ana nafasi ya kusema na wazazi wake kwa heshima, naye atasikilizwa kuliko mchumba wake. Asinyamaze akidhani kwamba ni jambo la wanaume.

IDADI YA WAGENI NDIYO MAMA WA GHARAMA

Jambo la tatu ni karamu yenyewe. Wengi wanapotaka kupunguza gharama huanza kubana bei. Hutafuta mpishi wa bei nafuu au mapambo ya kukodi mahali pengine. Juhudi hizo ni njema, lakini zinakata matawi na kuacha shina. Shina ni idadi ya wageni. Mgeni mmoja ana kiti chake, sehemu yake ya hema, sahani yake, soda au bia yake mbili, na nafasi yake katika ukumbi. Wageni wakiongezeka, kila kitu huongezeka kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, kila mmoja ajaze tarakimu zake. Wachumba wana faranga 4,000,000 mkononi. Tuseme kumlisha na kumnywesha mgeni mmoja ni faranga 5,000. Wakialika watu 400, chakula na vinywaji peke yake ni faranga 2,000,000, nusu ya fedha zote, na bado ukumbi haujalipwa wala mahari hayajatolewa. Kitakachotokea twakijua. Watakopa, au nyumba itangoja.

Sasa wageuze hesabu, waanze na kesho yake. Mahari waliyokubaliana na wazazi, 800,000. Kodi ya nyumba ya miezi sita kwa 100,000 kila mwezi, 600,000. Kitanda, godoro, vyombo vya jikoni na jiko, 500,000. Akiba isiyoguswa, 300,000. Jumla ni 2,200,000. Zilizobaki ni 1,800,000, na ndizo fedha za harusi. Wageni 200 kwa 5,000 ni 1,000,000. Ukumbi, mahema na usafiri wa wazee wanaotoka vijijini, 400,000. Mavazi, 200,000. Zimebaki 200,000, nazo ndizo za picha, mapambo na vikolombwezo vingine vyote. Ikiwa hazitoshi gari la kifahari, basi gari la kifahari halikuandikiwa harusi hiyo. Wanandoa wataamka Jumapili wakiwa na nyumba iliyolipiwa nusu mwaka, na hakuna mtu anayewadai.

Kuna njia nyingine ambayo familia nyingi za Kigali zimekwisha kuifuata, nayo ni kuziunganisha sherehe. Gusaba asubuhi, ibada ya dini mchana, na mapokezi ya wageni jioni, siku moja na ikiwezekana mahali pamoja. Zamani kila moja ilikuwa na siku yake, mahema yake na karamu yake. Kuunganisha hakupunguzi heshima ya hata moja, na huokoa gharama ya kuwalisha watu walewale mara mbili.

Janga la Korona nalo lilitufundisha jambo. Tangu nchi ilipofungwa mwezi wa Machi 2020, mikusanyiko ilipigwa marufuku, na hata baadaye iliporuhusiwa ilikuwa ya watu wachache waliohesabiwa. Wako waliooana katika miezi ile wakiwa na wazazi, wasimamizi na mashahidi tu. Ndoa zao ni ndoa kamili kama nyingine zote. Hakuna anayewauliza leo kwa nini keki yao haikuwa na ghorofa tano.

AHADI SI RISASI MKONONI

Twaja sasa kwenye fedha zitokako. Kwetu kuna desturi njema ya gutwerera, kuchangia harusi ya mwenzako. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana kamati za harusi, zenye mwenyekiti, mweka hazina na kadi za mchango. Desturi hizi ni za ujamaa wa kweli, na pasipo hizo vijana wengi wasingeweza kufanya karamu yoyote. Lakini zina kanuni zake, na askari azijue tatu.

Kanuni ya kwanza ni kwamba ahadi isihesabiwe kuwa fedha. Hakuna kamanda anayezihesabu risasi ambazo bado ziko njiani. Anayeandika katika bajeti yake michango iliyoahidiwa, kisha akasaini mkataba wa ukumbi kwa kuitegemea, atajikuta usiku wa kuamkia harusi anapiga simu za aibu.

Kanuni ya pili ni kwamba mchango ni deni la heshima. Aliyekuchangia leo atakuwa na harusi yake kesho, au ya mdogo wake, nawe utatakiwa. Kwa hiyo anayekusanya michango mikubwa ili aonyeshe makubwa anajiwekea foleni ya madeni ya miaka mingi.

Kanuni ya tatu yatuhusu sisi wenye vyeo. Mchango usiwe amri. Orodha inayopitishwa kikosini ikiwa na jina la mkubwa juu, na askari wa chini wakiona aliyeandika na asiyeandika, si gutwerera tena. Askari mwenye watoto watatu asikoseshwe unga wa mwezi kwa ajili ya harusi ya afisa wake. Mkubwa mwenye hekima huitoa orodha hiyo kikosini yeye mwenyewe.

Halafu kuna mikopo. Zigama CSS, chama cha akiba na mikopo kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya watu wa majeshi na vyombo vya usalama, kimewasaidia askari wengi kununua kiwanja, kujenga na kusomesha. Jina lake lenyewe kwa Kinyarwanda ni amri: weka akiba. Halisemi kopa. Mkopo wa kujenga nyumba huacha nyumba. Mkopo wa kununua ng'ombe huacha ng'ombe. Mkopo wa karamu huacha picha na makato. Faranga 1,800,000 zikilipwa kwa miezi 36 ni faranga 50,000 kila mwezi, hata kabla ya kuhesabu riba. Mtoto atakayezaliwa mwaka wa kwanza wa ndoa atakuwa ametimiza miaka miwili, anakimbia uani, na baba yake bado analipa hema la Jumamosi moja.

Makato hayo yana hatari nyingine inayopita mipaka ya nyumba. Askari wa usalama barabarani ambaye mshahara wake umeliwa na deni, mkewe ni mjamzito na mwenye nyumba anabisha hodi, anasimama kila siku mbele ya madereva wenye makosa na noti mfukoni. Hatusemi kwamba kila mwenye deni ni mla rushwa. Hiyo itakuwa dhuluma kwa wengi walio waaminifu katika dhiki. Twasema kwamba hakuna sababu ya mtu kujitia mwenyewe katika jaribu hilo kwa ajili ya mapambo. Wako waliovuliwa sare kwa fedha ndogo kuliko bei ya keki.

FURAHA NAYO NI HAKI

Watakuwapo watakaosema kwamba tahariri hii yataka kuwanyima watu furaha. Hoja yao ni nzito na yastahili jibu. Katika nchi hii harusi si jambo dogo. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, vijana wengi walioana wakiwa hawana baba wa kusimama upande wao wala shangazi wa kumvika binti. Majirani, marafiki na wenzao wa kikosini ndio waliokaa katika viti vya wazazi. Mama mzee anayeona leo uwanja uliojaa watu katika harusi ya mjukuu wake haoni ufahari. Anaona kwamba ukoo haukukatika. Nani atathubutu kumwambia kwamba watu hao ni wengi mno?

Hatumwambii hivyo. Twasema kwamba kilichomfurahisha ni watu, si vitambaa vya viti. Ukitaka kumheshimu mama huyo, weka fedha za nauli yake na za wazee wenzake mbele ya fedha za kamera inayoruka angani. Mpe kiti cha mbele na chakula cha moto. Na zaidi ya yote, mpe sababu ya kuja tena baada ya mwaka kumbeba kitukuu, katika nyumba yenye amani. Bajeti nzuri haiui furaha. Huipangia mahali pake, ikaendelea kuwapo hata wageni wakiondoka.

Mataifa mengine yamejaribu kulitatua jambo hili kwa nguvu ya sheria. Tajikistan ilipitisha mwaka 2007 sheria ya kupunguza gharama za sherehe, iliyoweka mpaka wa idadi ya wageni wa harusi na hata wa saa za karamu. Falme za Kiarabu zilianzisha mwaka 1992 mfuko maalumu wa kuwasaidia vijana wao kuoa, kwa kuwa mahari na karamu zilikuwa zimewaelemea. Nchi hizo mbili hazifanani na yetu, na wala hazifanani zenyewe, moja ikiwa masikini na nyingine tajiri. Zimekutana kwenye jambo moja: kwamba ushindani wa harusi haujui tajiri wala masikini, na asiyejiwekea mpaka hufilisika kwa kadiri ya alichonacho.

Askari haihitaji sheria ya namna hiyo. Yeye amekwisha kufundishwa kuishi kwa mpango, kubeba kinachohitajika na kuacha kinacholemea. Nidhamu hiyo anaivaa kila asubuhi pamoja na sare. Yafaa asiivue Jumamosi ya harusi yake.

KALAMU MKONONI

Tumalizie kwa ushauri wa kutenda. Wachumba wakae wawili, kabla ya kuitwa kamati na kabla ya shangazi na wajomba kutoa maoni. Wachukue karatasi, waigawe sehemu tatu. Sehemu ya kwanza iwe ya yasiyoahirishika: sahihi za serikali, mahari yaliyokubaliwa, nyumba na vilivyomo, na akiba. Sehemu ya pili iwe ya heshima ya watu: ibada, chakula, viti, usafiri wa wazee na mavazi ya adabu. Sehemu ya tatu iwe ya maonyesho, yaani kila kitu ambacho kikikosekana hakuna atakayelala njaa wala kukosa mahali pa kukaa. Kisha wakubaliane mambo mawili. Fedha zikipungua, watakata kutoka chini kwenda juu, kamwe si kutoka juu kwenda chini. Na sehemu ya tatu italipwa kwa fedha zilizopo mkononi tu, si kwa mkopo wala kwa ahadi.

Karatasi hiyo ikiisha kusainiwa na wawili, iwe amri. Jamaa watakaposhauri kuongeza hema la pili, wachumba wajibu kwa upole kwamba mpango umekwisha kufungwa. Wataudhika kidogo, na Jumamosi watacheza kama kawaida. Kamati nayo ipewe karatasi hiyo siku ya kwanza, ili ijue kazi yake ni kuutekeleza mpango, si kuupanua.

Na mwaka utakapopita, wanandoa waichukue tena karatasi ileile, wakae mezani kwao, waone ni kipi katika walivyovilipia bado kimo ndani ya nyumba. Wadogo zao watakapokuja kuomba ushauri wa harusi, wasiwaonyeshe albamu ya picha kwanza. Wawaonyeshe karatasi hiyo.